Mashine Haijui Nthoni

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua bado. Watu wa mradi wamekuja leo kutoka Embu na kutundika kidude chao ukutani kwa mama mkwe wangu. Ni kidogo kama kiberiti, kina taa moja, na kazi yake ni kusikiliza. Walipoondoka nimetoa daftari hili. Ikiwa mashine itakuwa inaandika habari za boma langu, basi na mimi nitaandika. Sitaiachia uwanja peke yake.

Mimi ni Nyamu, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kutwa, hapa nje kidogo ya Kiritiri. Mke wangu Igoki alifariki mwaka juzi. Mama yake, Kathambi, alikuja kutoka Kangeta, kwa Wameru wa Igembe, kumuuguza, na baada ya mazishi hakurudi kwao. Mwanzoni alikataa kwenda. Baadaye akawa hajui aende wapi, kwa sababu ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamshika. Mimi na Igoki hatukujaliwa mtoto. Kwa hiyo watu wa hapa wananiuliza, mke hayupo, mtoto hayupo, mama mkwe anakaa kwako kama nani? Huwa nawajibu kwamba anakaa kama mama mkwe, na kwamba maswali yao wayapeleke kwa wake zao.

Mkuu wa mradi ni Daktari Karimi. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alinieleza kwamba sauti zinazonaswa husikilizwa na kompyuta iliyojifunza kutoka nyumba maelfu, hata ikatambua mgonjwa anapofadhaika na mlezi anapoelemewa kabla wao wenyewe hawajasema. Akili unde. Neno hilo nimelifundisha kila muhula na sijawahi kuiona yenyewe ikifanya kazi. Nikamuuliza kwa nini aje huku kwetu kwenye vumbi. Akasema, "Mwalimu, hizi mashine zote zimefunzwa na sauti za watu wa mbali. Mtu anayelea mgonjwa kwa Kimbeere ama Kimeru hakuna mahali ameandikwa. Ni kama hayuko." Hapo alinipata. Nikatia sahihi.

Mradi pia utamleta Gladwell, jirani wa ng'ambo ya kijito, akae na Mama siku nzima nami niende shule.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jua. Gladwell anaongea kuliko redio, lakini Mama amekula.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo Gladwell ameniuliza kama huwa ninamwogopa mama mkwe. Anajua jibu, yeye ni Mmbeere kama mimi, ila alitaka kunichokoza. Nimwandikie asiyejua.

Kuna kitu tunakiita nthoni, kwetu na kwa Wameru pia. Ni heshima na ni haya, zote mbili kwa pamoja, kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Siingii anapolala. Sili mbele yake, wala yeye mbele yangu. Hatutajani majina. Tukikutana njiani, yeye hutoka pembeni na kujifunika uso kwa leso, nami hutazama upande mwingine hadi apite. Nikitaka kumwambia neno, namtuma mtu, au nasimama nje nyuma ya ukuta na kulisema kwa sauti ya chini.

Mama amesahau kwamba Igoki alikufa. Kila asubuhi anamuuliza Gladwell, "Igoki ako wapi?" na Gladwell anamwambia ameenda sokoni. Amesahau vifungo vya sweta hufungwaje. Amesahau kwamba uji ni wa kunywa, lazima aonyeshwe. Lakini jioni ya leo nilitokea ghafla na debe la maji, na kabla sijakohoa alikuwa ameshatoka njiani, leso usoni, kimya kabisa, amesimama wima kama bibi harusi. Miaka sabini na kitu ya adabu, na ndiyo pekee ambayo ugonjwa haujaifikia. Niliweka debe chini nikasubiri apite, na moyoni nilifurahi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilikuwa tayari kuichukia mashine, nayo imeninyima sababu. Ujumbe wake wa wiki ulisema kwamba Mama hufadhaika jua likielekea kutua, hasa siku ambazo mikono yake haikuwa na kazi. Ikashauri apewe kitu cha kushika. Gladwell akamletea majani marefu na kamba za mgomba uliokauka. Loo! Mama alikaa chini akaanza kuyapanga, kuyalinganisha vichwa na kuyafunga mafungu, kama alivyofunga miraa Kangeta tangu usichana wake. Akaimba. Hakulia jioni hiyo wala hakutaka kutoka langoni. Nimemtumia Daktari Karimi asante, na nilimaanisha.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua! Imenyesha hadi mabati yakatunyima usingizi. Kesho kunde na ndengu ardhini.

Jumanne, 28 Oktoba

Kila jioni, kama mradi unavyotaka, nazungumza na simu dakika chache, nasema siku yangu ilikuwaje, nayo inanipa rangi kama taa za barabarani. Hadi sasa nilikuwa kijani. Leo nimekuwa manjano. Ujumbe unasema: "Mlezi mpendwa, mawasiliano yako na mgonjwa ni machache. Jaribu kuketi naye ana kwa ana, umtazame machoni, umshike mkono."

Nimeusoma mara mbili, kisha nikamsomea Gladwell. Amecheka hadi akashika mlango. "Mwalimu, umshike mkono! Na umwimbie pia!"

Niliizima simu nikaenda kupalilia.

Alhamisi, 6 Novemba

Bado manjano. Shule zimefungwa, mimi nasimamia mtihani wa kidato cha nne. Ndengu zimechipua vizuri upande wa chini.

Jumatano, 12 Novemba

Nyekundu.

Daktari Karimi alikuja mwenyewe, gari likiwa limejaa matope hadi kwenye vioo. Nilijua kuna jambo kwa sababu alikataa chai, na hakuna mtu wa Embu anayekataa chai kwa raha zake. Tulikaa chini ya paa la ghala. Akaniambia mashine imegundua kwamba kila nikikaribia chumba cha Mama, Mama hunyamaza. Akiwa anaimba, anakata wimbo katikati. Pumzi inabadilika. Hasemi neno hadi niondoke. Imetokea hivyo kila siku tangu kidude kitundikwe. Na mashine imeyapa mambo hayo jina: dalili za hofu ya mgonjwa kwa mlezi wake.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilisimama.

"Unasema nampiga?"

"Sisemi mimi, Mwalimu. Ni ripoti."

"Na ripoti imezaliwa na nani?"

Akatazama chini. Yeye ni mtu wa Runyenjes, huko huko Embu, si mgeni. Nikamuuliza kama kwao hakuna nthoni. Akasema, "Iko. Mama yangu hajawahi kula mbele ya bwanangu hadi wa leo. Nilipoona hiyo data nilijua ni nini, siku ya kwanza."

"Basi mbona hukuiambia mashine?"

"Hii si mtu, haiambiwi. Inafunzwa. Kuna vijana Nairobi walisikiliza masaa na masaa ya sauti, wakaandika hii ni kilio, hii ni furaha, hii ni hofu. Mgonjwa akinyamaza mlezi akiingia, waliandika hofu. Na si ati walikosea kila mahali. Kuna boma moja, sitakuambia wapi, mashine ilisema hivyo hivyo, tukaenda, tukakuta yule mama amevunjwa mkono. Sasa nikiiambia isijali ukimya, huyo nimwache?"

Nilitaka awe mjinga ili nimkasirikie vizuri, na hakuwa mjinga. Lakini akaharibu mwenyewe. Akasema sheria za mradi zinataka ripoti nyekundu ipelekwe kwa ndugu wa mgonjwa na kwa afisa wa ustawi, na ameshaipeleka. Kisha akainama karibu nami. "Mwalimu, kuna njia rahisi. Ingia ukae naye kidogo tu, uongee, hata kama hajibu. Wiki mbili tu. Rangi itashuka, mimi nitaandika imekwisha."

Nilimwambia hivi, na ninaandika nisije nikajilainisha baadaye: "Daktari, yule mama amesahau jina la mtoto wake mwingine. Amesahau mumewe. Kitu kimoja anakijua bado, kwamba mimi ni mkwe wake na yeye ni mama mkwe. Unataka nikakivunje ili kompyuta yako ifurahi? Sifanyi. Hata iandike nyekundu hadi wino uishe."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Nami nilibaki chini ya ghala na hasira yangu hadi ng'ombe wakaja wenyewe kukamuliwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Soko zima la Kiritiri linajua.

Jumapili, 16 Novemba

Mzee Gedion, anayeongoza maombi kanisani, amewaombea leo wazee wanaoteswa majumbani na watu wa karibu. Aliomba macho wazi, na macho yenyewe yalikuwa kwangu. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko kanisa lote. Nje, mtu mmoja alivuta mtoto wake asije akanisalimu. Nilimsalimu mtoto kwa jina.

Alhamisi, 20 Novemba

Afisa wa ustawi amekuja, msichana mpole, viatu vyake vimeliwa na matope. Alimkagua Mama pamoja na Gladwell, hakupata jeraha. Akamuuliza Mama kama kuna mtu anamtisha hapa. Mama akamuuliza kama amekuja na kamba za mgomba, maana gari la miraa la Nairobi haliwezi kungoja. Afisa akaniambia hana neno juu yangu, ila uamuzi ni wa familia.

Familia ni Thuranira.

Jumatatu, 24 Novemba

Amepiga simu. Thuranira ni kaka yake marehemu mke wangu, kifungua mimba wa Mama Kathambi, na tangu baba yao afe ndiye mwenye mji. Yuko Maua, kazi yake ni kupakia miraa na kuhakikisha pikapu zimeondoka kabla ya alfajiri. Hatujawahi kupendana. Siku ya mazishi alitaka dadake azikwe Kangeta, mimi nikakataa.

"Shemeji, nimesoma hiyo kitu."

"Na umeamini?"

"Nimesoma mara tatu. Mama yangu anakuogopa. Mvua ikipungua kidogo nakuja kumchukua."

Nikamkumbusha kwamba alishamchukua mara moja, mwaka jana, na kwamba Mama alikaa kwake siku chache tu, akatoka kuelekea kwake, akapotea katika soko la Kangeta hadi wauza miraa walipomkuta amelala kati ya magunia. Akasema, "Hiyo ilikuwa mwaka jana," akakata simu.

Sasa nimeandika kwa utulivu, lakini ukweli ni kwamba ninaogopa. Akienda huko atapotea tena, na mara ya pili hakuna anayejua atapatikana vipi. Na mimi nitabaki hapa na kaburi, na Gladwell hatakuwa na mtu wa kumdanganya kwamba Igoki ameenda sokoni.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Nyekundu.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Nyekundu. Mama ameimba sana leo. Nilipita nyuma ya nyumba kwa kunyata, kama mwizi wa kuku, ili nisiukate wimbo. Halafu nikajiuliza ninanyatia nini kwangu mwenyewe, nikakohoa kama kawaida. Akanyamaza. Vizuri. Hivyo ndivyo inavyopaswa.

Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani, nilifikiria boma lile alilolitaja Daktari Karimi, yule mama wa mkono uliovunjwa. Ningekuwa mimi ninayesikiliza sauti kutoka mbali, bila kuona leso, bila kuona mtu ametoka njiani, ningejuaje tofauti? Nimelifikiria hilo kwa haki. Bado sitaingia. Lakini simwiti tena Karimi mwoga katika moyo wangu, nilikuwa nimeshaanza.

Ijumaa, 5 Desemba

Ninaandika ya jana. Mkono umechoka, lakini kama sitaandika leo nitaanza kuyapamba.

Alfajiri ya jana kijito kilifurika. Gladwell alipiga simu akasema maji yamefika kifuani na yeye hana mbawa. Upande huu wa kijito hakuna boma la karibu ila la Mugendi, mchoma makaa, na kwake ni wanaume watupu. Nikapika uji, nikauweka kizingitini kwa Mama, nikasema nyuma ya ukuta kwamba chakula kiko tayari. Hakuchukua. Saa nne nikasikia anaugua. Tumbo lilikuwa limemharibikia. Kufikia mchana harufu ilikuwa imetoka hadi uani, na nilimsikia akijaribu kujisafisha na kushindwa, akilia kidogo kidogo kama mtu asiyetaka kusikika.

Nilipiga simu kwa kila mwanamke ninayemjua. Wote wako ng'ambo ya maji au mjini. Nilisimama mlangoni mara ngapi sijui, na kila mara miguu ilikataa. Wanaosoma watasema mtu mzima, mwalimu, ameshindwa kusukuma mlango. Ndiyo. Mlango ule una mama yake Igoki ndani, na yeye angependelea kufa kuliko mimi nimwone hivyo. Nilikuwa na hakika hiyo na bado ninayo.

Saa nane Thuranira akafika. Alikuja na pikapu kwa njia ya juu, amevaa koti la mvua, amekuja kuchukua. Akashuka, akavuta pumzi, uso ukabadilika.

"Kumbe ni ukweli! Mama yangu anaoza hapa na wewe umesimama!"

Nilikuwa na sufuria ya maji ya moto jikoni. Niliyachanganya kwenye beseni, nikaweka sabuni na kitambaa, nikamkabidhi.

"Ingia. Ni mamako wa kukuzaa."

Akaenda kwa haraka ya mtu aliyekasirika. Akafungua mlango. Nikasikia sauti ya Mama, nguvu yote iliyobaki, kwa Kimeru chao cha Igembe: "Mwanamume asiingie! Mwanamume asiingie hapa!" Mlango ukafungwa. Thuranira akarudi na beseni, maji yakimwagika kwenye viatu vyake. Alikuwa ameingia hatua moja tu.

Tukasimama chini ya paa la ghala, sisi wawili, watu wazima wenye mvi, na beseni kati yetu.

"Siwezi," akasema. "Ni mama. Siwezi kumwona hivyo."

"Huko Maua nani angemwosha?"

"Bibi yangu."

"Amesema ataosha?"

Akanyamaza muda mrefu. Wangetundika kidude kwenye ghala, kingesema mtu huyu anamwogopa shemeji yake. "Hajasema," akajibu. "Alisema nikimleta yeye anaenda kwao." Halafu akalia, Thuranira, mtu anayefokea madereva tangu saa nane za usiku hadi wanakimbia. "Wewe umefanya hii miaka miwili? Kukaa na yeye hivi, bila kumwangalia?"

"Nimefanya."

Akapangusa uso kwa mkono wa koti. Akafikiri. Kisha akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mwenye mji, "Leta mbuzi."

Nilijua anachotaka kufanya. Nthoni ni yao, watu wa mke. Wao ndio wanaoweza kuiondoa, kwa mbuzi na maneno mbele ya wazee. Tulikuwa na mbuzi. Nilimtoa jike mweusi zizini, akigoma kwa sababu ya mvua. Thuranira akamshika sikio, akauweka mkono wangu mgongoni mwake, na akasema kwa Kimeru kwamba yeye, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, amekula, yaani amepokea, mbuzi wa mtu huyu, na kuanzia sasa kati ya mtu huyu na mlango wa mama yake hakuna kitu. Mbuzi alilia wakati wote. Sijui kama wazee wa Igembe wangekubali. Hawakuwapo, na beseni lilikuwa linapoa.

Niliongeza maji ya moto nikaingia.

Nitaandika machache. Nilisema kila kitu kabla ya kukifanya, kwa sauti ya chini: Mama, ninaosha mguu. Mama, ninakugeuza. Mama, hii ni nguo kavu. Alikuwa mwepesi, mwepesi kupita kiasi. Taa ya kidude ilikuwa inawaka ukutani. Na Mama, tangu nilipoingia hadi nilipotoka, alikuwa ameivuta leso juu ya uso wake na kuishika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu hata vidole vikawa vyeupe. Thuranira aliniondolea mimi nthoni. Yake yeye hakuna aliyeigusa. Aliishikilia mwenyewe, mgonjwa, hajui siku wala mwaka, na mimi nikageuza uso wangu kadiri nilivyoweza na kuosha kwa kupapasa. Nililia, na sioni haya kuandika. Nilijivunia yule mama kuliko nilivyowahi kujivunia mtu.

Nilipotoka, Thuranira alikuwa amejaribu kupika chai na kuiunguza. Tuliinywa hivyo hivyo. Asubuhi ya leo, maji yamepungua, Gladwell amevuka na dawa ya tumbo, na Mama amekunywa uji. Kabla ya kuwasha pikapu Thuranira alimpigia Daktari Karimi mbele yangu. "Mimi ndiye kifungua mimba wa huyu mama. Andika hivi: anakaa hapa. Na mtu akiuliza nani amesema, mwambie apigie mimi simu." Kisha akaniambia, "Huyo mbuzi ni wangu. Mchunge."

Jumamosi, 6 Desemba

Kijani! Asubuhi nimeamka na ujumbe huu, nimeunakili herufi kwa herufi: "Hongera, mlezi mpendwa! Mawasiliano yako na mgonjwa yameimarika sana. Endelea hivyo hivyo."

Siku ambayo mama wa watu aliona aibu kuliko zote maishani mwake, mashine imenipigia makofi.

Nilibonyeza kitufe nikaiambia kwa sauti yangu, sijali nani anasikiliza: juzi hatukuimarika. Juzi tulivumiliana. Ukijua tofauti uje nikupigie makofi.

Jumatano, 10 Desemba

Daktari Karimi amekuja, na safari hii amekunywa chai, vikombe viwili. Amesikiliza rekodi ya siku ile. Amesema atafuta ripoti nyekundu zote, aandike kwamba mashine ilikosea.

Nikamwambia asifute. Alishangaa. Nikamweleza kwamba mashine ilisikia sawasawa. Mama hunyamaza nikija, hilo ni kweli tupu. Waliokosea ni walioliita jambo hilo hofu bila kuuliza. Akifuta zangu, kesho nyumba nyingine ya mkwe itaitwa nyumba ya mateso. Na akiifundisha kupuuza ukimya, yule mama wa mkono uliovunjwa amekwisha.

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Rudi kwenye maboma. Kila ukimya, uliza wenyewe ni wa nini. Uliza akina Gladwell. Uliza mabinti na wakaza wana. Halafu uifundishe upya, itachukua muda itakaochukua."

"Wafadhili wanataka matokeo mwezi wa pili."

"Waambie Wambeere na Wameru wamechelewa kidogo, wamekuwa wakiheshimiana."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema atawaambia hivyo hivyo, na akikosa kazi nimtafutie ya kufundisha kwetu. Gladwell atakuwa wa kwanza kusikiliza sauti na kuzipa majina. Nahurumia kompyuta.

Jambo la mwisho nililomwambia ni kwamba nthoni nimeirudisha. Thuranira aliiondoa kwa siku moja ya shida, na shida imekwisha. Siingii tena kama Gladwell yuko. Rangi ikiwa mbaya, iwe mbaya.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mzee Gedion amenisalimu kwanza. Nimemwitikia, lakini si kwa haraka.

Ijumaa, 2 Januari

Ndengu zimekauka vizuri. Nyekundu, manjano, nyekundu. Sizitazami sana.

Alhamisi, 8 Januari

Tumepiga ndengu tangu asubuhi. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli huzuni ilinishika, kwa sababu ni Igoki aliyependa kazi hii. Chakula cha mchana sikukigusa. Nilikaa nyuma ya ukuta wa Mama na sahani magotini, nikiwa na hakika kwamba hakuna anayejua niko hapo. Gladwell alikuwa kisimani.

Mama alikuwa mlangoni akifunga mafungu yake. Akaacha kuimba. Nikadhani amenisikia na atakaa kimya kama kawaida. Kuku mmoja alikuwa akidonoa punje karibu na miguu yake, na Mama akamgeukia kuku, akasema polepole, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake timamu:

"Wewe kuku. Mwambie mwenye boma ale. Mtoto wangu akirudi sokoni akikuta amekonda, atasema sikumwangalia."

Neno la kwanza kunielekea tangu tumzike Igoki. Nilikula. Nilikula chote, kwa kelele kidogo ili asikie kijiko. Kisha nikamwambia kuku amwambie Mama asante, chakula kilikuwa kizuri. Kimya. Halafu wimbo ukaendelea.

Jioni simu imelia. Manjano, na swali kutoka kwa Daktari Karimi mwenyewe: "Mwalimu, mashine imenasa dalili mpya, mgonjwa anaongea na kuku. Tuandike amechanganyikiwa?"

Nimemjibu: "Andika kwamba anamlea mkwe wake."